Sigara na Mishipa ya Ubongo: Hatua ya Jirani Zetu wa Uganda

Mwaka 2015 Bunge la Uganda lilipitisha sheria ya kudhibiti tumbaku, nayo ikaanza kutumika mwaka 2016. Sheria hiyo inakataza kuvuta sigara mahali pa umma na hata nje yake, katika umbali wa mita 50. Tena inakataza kumwuzia sigara mtu asiyetimiza miaka 21. Huenda askari mvutaji akasema kwamba jirani zetu wamepita kiasi. Nasi wenyewe, ambao wakulima wetu wa Tabora hupata riziki yao katika tumbaku, si wepesi wa kuyasema haya.

Lakini na tutazame ndani ya mwili. Kila askari amekwisha kusikia habari za mapafu. Habari za ubongo husikika kwa nadra. Mshipa mzima wa damu una utando laini kwa ndani. Sumu za moshi zikiisha kuingia katika damu huudhuru utando huo, na hapo palipodhurika mafuta hujikusanya, ukuta ukawa mgumu na njia ikawa nyembamba. Nikotini huuharakisha moyo na kupandisha shinikizo la damu. Hewa ya kaboni monoksaidi hunyang'anya nafasi ya oksijeni katika chembe nyekundu, na damu yenyewe huwa nyepesi kuganda. Siku donge litakapoziba mshipa wa ubongo, au ukuta uliodhoofika utakapopasuka, hicho ndicho kiharusi.

Askari wa lindo hudai kwamba sigara humtuliza. Kwa sehemu kubwa, kinachotulia ni kiu iliyoletwa na sigara iliyotangulia. Katika Vita Kuu ya Pili majeshi ya Marekani yaliweka sigara ndani ya pakiti za posho ya askari, kana kwamba nayo ni chakula!

Wala asiyevuta hasalimiki, akilala bweni moja na wavutaji; moshi wa mwenziwe humwongezea naye hatari ya kiharusi, na ndiyo maana ya zile mita 50. Anayeacha, hatari yake hupungua mwaka hata mwaka.

Mwenzako akipinda mdomo ghafla, mkono ukalegea au maneno yakamkwama, asilazwe kitandani kungojea nafuu. Chembe za ubongo zilizokosa damu hufa kwa dakika. Afikishwe hospitali saa ile ile.