Goma: Aniversere ya mtoto mdogo, michezo gani inamfaa kweli?

Jumamosi mchana katika mitaa ya Goma, kuanzia Himbi mpaka Ndosho, si ngumu kutambua parseli yenye aniversere. Basha imetandwa, viti vya plastiki vimekodishwa, baluni zimefungwa mlangoni, na sono inapiga mpaka jirani wa avenyu ya tatu anajua. Wakubwa wanacheza, wanakunywa sukre, wanapiga picha. Na mwenye siku yake, yule aliyetimiza miaka miwili, analala kwenye mgongo wa dada yake, ao analia kwa sababu viatu vipya vinamfinya.

Picha hii wakaaji wengi wanaijua. Swali ni hili: sherehe ilikuwa ya nani?

Zamani swali hilo lilikuwa la kucheka tu. Leo limekuwa la feza. Tangu mwisho wa Januari 2025, M23 ilipoingia mjini, mabenki yalifunga milango, watu wengi wakapoteza kazi, na kupata noti mkononi kukawa shida hata kwa mwenye mshahara. Hata hivyo mzazi anaona haya kuacha siku ya mtoto ipite kimya, hasa kama jirani alifanya yake kwa kishindo. Njo maana kuna wanaokopa ili wakodi sono na viti, kisha mwezi unaofuata wanahangaika na feza ya shule ya wale wakubwa. Na mtoto mwenyewe hakuomba kitu chochote katika hivyo vyote. Mtoto wa miezi 12 mpaka 36 hajui sono ni nini, anajua tu kwamba inamuumiza masikio.

Kwanza ni vizuri kuelewa mtoto wa umri huo anacheza namna gani. Mwaka 1932, mtafiti wa Marekani Mildred Parten aliandika juu ya watoto wadogo aliowachunguza wakicheza. Aliona kwamba wale wadogo wanapenda kucheza mmoja kando ya mwingine, kila mmoja na kitu chake, bila kucheza pamoja kabisa. Kucheza kwa kusaidiana na kugawana kazi kunakuja polepole, mtoto akiwa anakua. Mama yeyote wa Goma aliyeweka watoto wawili wa miaka miwili kwenye mkeka mmoja ameona jambo hilo hilo bila kusoma kitabu: huyu anajaza kopo, yule anapiga sufuria, na vita inaanza pale tu wote wanataka kopo moja.

Hii ni kusema michezo ya mashindano haina maana kwao. Kukimbia nani wa kwanza, kuzunguka kiti na kukaa muziki ukinyamaza, kujibu maswali ili kupata zawadi, hiyo yote ni ya watoto wa miaka mitano ao sita kwenda juu. Mtoto mdogo akitolewa kwenye mchezo hajui ameshindwa, anajua tu amefukuzwa. Kwake mchezo mzuri hauna mshindi, hauna zamu ndefu, na unaisha baada ya dakika tano, labda kumi. Akiupenda, atataka uanze tena, na tena, mpaka mkubwa achoke.

Mchezo unaopita yote ni ule wa maji. Baseni moja, maji ya vuguvugu kiasi cha vidole vine, gobele za plastiki, kijiko kikubwa, kopo lenye matundu chini. Basi. Mtoto anachota, anamwaga, anaona maji yakitoka kwenye matundu, anacheka, anaanza upya. Wawekwe watoto wawili kwa baseni moja, na kila mmoja gobele yake. Mkubwa akae hapo hapo, mkono karibu, asiende hata kupokea simu, maana mtoto mdogo anaweza kuzama ndani ya maji kidogo sana, na bila kupiga kelele.

Lakini hapa Goma kuna neno lingine juu ya maji. Mtoto akicheza nayo atayakunywa, hilo halina mjadala. Maji yaliyochotwa ziwani, upande wa Kituku ao kwingine, yakiwa bado hayajawekwa klore, hayafai kwa mchezo huu. Kolera haijaondoka pembeni ya Ziwa Kivu, na mtoto mdogo inamkausha haraka. Basi maji ya baseni yawe yale yale ambayo familia inaweza kunywa. Na kwa kuwa bidoni inabebwa kwa mgongo ao inanunuliwa, hakuna haja ya kuyatupa baadaye: yatasafisha sakafu.

Mchezo wa pili hauhitaji hata tone la maji. Ni katoni. Ile kubwa ya biskuti ao ya sabuni, ambayo muuza butiki anaiacha kwa bei ndogo, wakati mwingine bure. Ikifunguliwa pande mbili inakuwa shimo la kupitia. Ikikatwa dirisha inakuwa nyumba. Ikifungwa kamba inakuwa motokari, na kaka mkubwa anaivuta polepole. Kama kuna mtu mwenye mikono mizuri, anaweza kuchora magurudumu na kuifanya iwe chukudu, na hapo mtoto wa Goma hahitaji kuelezwa kitu. Anaona chukudu kila siku zikipanda na viazi na makaa. Wengine wanamtengenezea chukudu ndogo ya mbao kabisa, lakini hiyo inafaa zaidi akifika miaka mine. Kwa wa miaka miwili, katoni inatosha, na akianguka haivunji jino.

Kikwembe nacho kina kazi yake. Mama anajifunika uso, anajifunua, mtoto anapasuka kwa kicheko. Kwa mtoto wa mwaka mmoja huo ni mchezo mkubwa kuliko yote. Kwa wale wa miaka miwili na nusu, wakubwa wane wanashika pembe za kikwembe, wanakiinua na kukishusha, watoto wanapita chini yake. Nyimbo za kupiga makofi ambazo bibi anazijua zinaingia hapo. Usitafute muziki wa simu, sauti ya bibi ni bora, na inaweza kupunguzwa.

Mapovu ya sabuni pia. Sabuni ya kuoshea vyombo kidogo, maji, waya uliokunjwa kuwa duara na ncha zake kufungwa vizuri. Mkubwa ndiye anapuliza, watoto wanakimbiza. Ila wakikimbiza, waangalie chini.

Maana chini, katika mji huu, ni mawe. Volkano Nyiragongo ilipolipuka tarehe 17 Januari 2002, mawe ya moto yalipita katikati ya mji mpaka ziwani, na nyumba nyingi za leo zimejengwa juu ya mawe hayo meusi. Mwaka 2021, tarehe 22 Mei, yalishuka tena mpaka upande wa Buhene. Mtoto anayejifunza kutembea akianguka juu ya mawe hayo anachanika magoti, mikono, wakati mwingine paji la uso. Wazazi wengi wanatanda basha na kuona kazi imeisha, lakini basha haifuniki ncha ya jiwe, inaificha tu. Ni heri kumwaga kwanza mchanga, kisha basha, kisha mikeka ao magodoro ya zamani. Kama parseli yote ni mawe, sherehe ifanyike ndani ya nyumba, meza itolewe. Watoto wane wadogo hawahitaji nafasi kubwa.

Na kabla ya kutanda chochote, mkubwa azunguke parseli na kuangalia kila pembe. Tangu mapigano ya Januari 2025, vyuma vya vita vimeonekana sehemu nyingi za mji. Kitu cha chuma kisichojulikana kisiguswe, kisisogezwe, watoto waondolewe na wakubwa wa mtaa wajulishwe.

Kuna familia zinazochagua kutoka, kupeleka watoto kwenye majani pembeni ya ziwa, upande wa magharibi ya mji. Ni wazo zuri, ila huko kuna mazuku. Ndiyo ile hewa ambayo watu wanaiita upepo mbaya: gazi inayotoka ardhini, haina rangi wala harufu, na ni nzito kuliko hewa ya kawaida. Inalala ndani ya mashimo na mabonde madogo, kuelekea Lac Vert, Bulengo na Mugunga, hasa asubuhi mapema kabla upepo haujaamka. Mtu mzima anaweza kusimama na kupumua vizuri, huku mtoto anayefika magotini mwake amezama ndani yake. Mbuzi aliyekufa ndani ya shimo bila kidonda ni alama wakaaji wa huko wanaijua. Basi usichague bonde lenye majani mazuri na kivuli kwa kuwa linapendeza. Waulize wenyeji kwanza, kaa mahali palipoinuka, na usiwaache watoto wateremke kwenye mashimo hata kufuata balo.

Baluni, sasa. Hapo wazazi wengi watakataa kusikia, kwa sababu picha bila baluni inaonekana si aniversere. Ziwekwe, lakini juu, mbali na mikono. Kipande cha baluni iliyopasuka kikiingia kwenye koo la mtoto kinaziba kama kifuniko, na kukitoa ni kazi ngumu sana. Marekani, pakiti za baluni zinaandikwa onyo kwa watoto walio chini ya miaka minane. Tena kuna mlio. Watoto wa mji huu wamelala chini ya vitanda wakisikia risasi. Kuna ambao baluni ikipasuka wanatetemeka, ao wanajikojolea, na wakubwa wanacheka wakidhani ni uoga wa kitoto. Vitambaa vya rangi vilivyofungwa kwenye kamba vinapamba vizuri na havipigi mlio.

Kwa chakula, kipimo rahisi kipo: ile duara ya katikati ya karatasi ya choo. Kitu kinachopita ndani yake kinaweza kumkaba mtoto wa chini ya miaka mitatu. Vizibo vya chupa, maharagwe ya kuchezea, bonbo ngumu, karanga nzima, vyote vinapita. Ndizi, parachichi, mkate laini na kipande cha gato vinatosha. Kila mtoto na gobele yake. Na mtoto mwenye homa ao vipele abaki nyumbani, hata kama ni wa dada yako, maana mpox bado inakumbukwa hapa.

Ile desturi ya vijana ya kumwagia maji mwenye siku yake, wamfanyie baba yake. Goma iko kwenye mita karibu 1.500 juu ya usawa wa bahari, jioni kuna baridi, na mtoto mdogo hataona utani wowote ndani ya maji hayo.

Kuhusu saa, asubuhi ni bora, kuanzia saa nne mpaka saa tano na nusu, kabla ya usingizi wa mchana. Watoto watatu ao wane wa umri wake, kila mmoja na mzazi ao dada. Wale wakubwa wapewe kazi: kuvuta katoni, kupuliza mapovu, kulinda mlango. Wasichana wakitaka kucheza nzango, wacheze upande mwingine wa parseli, maana miguu inaruka na wadogo watataka kuingia katikati. Gato likatwe mapema, si mwisho, kwa sababu mwisho mwenye gato atakuwa amelala.

Wageni wakiondoka, basha irudishwe kwa mwenyewe, na katoni isichomwe kwenye mbabula siku hiyo hiyo. Kesho yake, nyumba ikiwa kimya, ndipo mtoto ataingia ndani yake na kukaa humo asubuhi yote.