Hakimiliki ilipogeuzwa kufuli la siri za dini

Kwa zaidi ya miaka miwili, jalada moja katika mahakama ya shirikisho mjini Los Angeles lilikuwa na wateja wasiokosa. Masjala ilipofunguliwa asubuhi, waumini wa Kanisa la Scientology walifika, wakatia saini, wakaliazima na kukaa nalo mpaka ofisi ifungwe. Nia yao ilikuwa kuhakikisha hakuna mtu mwingine anayepata nafasi ya kulisoma.

Ndani ya jalada hilo mlikuwa na kurasa 69 za mafundisho ya ngazi za juu za kanisa, zilizoambatanishwa mwaka 1993 na hati ya kiapo ya Steven Fishman. Huyu alikuwa muumini wa zamani, na kanisa lilimshitaki kwa maneno yake yaliyonukuliwa katika jarida la Time. Jalada la mahakama ni la umma isipokuwa hakimu aamuru lifungwe, na hili lilikaa wazi miezi 28. Lilipofungwa hatimaye, Agosti 15, 1995, maji yalikuwa yameshamwagika. Gazeti la The Washington Post lilikuwa limekwishalipa masjala ada ya dola 36.50 na kuondoka na nakala yake, na kurasa hizo zilikuwa zimeanza kuzunguka kwenye intaneti.

Kilichofuata ni vita vya mahakamani vya miaka kumi katika nchi kadhaa, na vimeacha alama katika sheria zinazotawala mtandao tunaoutumia leo.

Siri yenyewe

Mwanzilishi wa Scientology, L. Ron Hubbard, alikuwa mwandishi wa hadithi za sayansi ya kubuni. Mwaka 1950 alitoa kitabu chake Dianetics, na kanisa likazaliwa miaka michache baadaye. Alifariki mwaka 1986. Mafundisho ya juu ya kanisa hutolewa ngazi kwa ngazi, kwa malipo, na kanisa linashikilia kwamba anayeyasoma kabla hajaandaliwa anaweza kudhurika. Kinachojulikana zaidi ni kisa cha ngazi ya tatu, cha mwaka 1967, kuhusu mtawala wa kale aitwaye Xenu na maovu aliyoyatenda miaka milioni 75 iliyopita.

Dini kuwa na siri si kosa wala si ajabu. Kungwi wa unyago hamwagi maneno ya ndani mbele ya mpita njia, na hakuna anayemlaumu. Ila siri ya unyago inalindwa na heshima ya wale waliopitia humo. Siri ya Scientology ilikabidhiwa mawakili, nao wakakimbilia sheria ambazo hazikutungwa kwa kazi hiyo.

Dini au bidhaa?

Sheria ya kwanza waliyoishika ni ya siri za biashara, ileile inayolinda fomula ya kinywaji au orodha ya wateja. Novemba 1985, katika kesi ya muumini wa zamani Larry Wollersheim mjini Los Angeles, hakimu aliruhusu umma kuona nyaraka za ngazi za juu. Waumini wapatao 1,500 walifurika katika jengo la mahakama wakipanga foleni za kuomba nakala ili wengine wasizifikie. Hata hivyo gazeti la Los Angeles Times lilizipata na kueleza yaliyomo.

Kesi iliyozaliwa hapo ilifika Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa 9 mwaka 1986, na majaji wakauliza swali gumu. Siri ya biashara ni lazima iwe na thamani ya kiuchumi, ilhali kanisa lilikuwa limeeleza thamani ya kiroho ya maandiko yake. Mahakama ikasema thamani ya kiroho haitoshi. Kanisa likajikuta njia panda: likisema haya ni maneno ya wokovu, linapoteza kinga ya biashara, likisema ni mali yenye soko na washindani, linajifananisha na kampuni. Katika kesi za baadaye lilikubali kuchukua njia hiyo ya pili. Intaneti ndiyo iliyofunga mjadala, kwa kuwa maandiko yaliyosomwa na yeyote mwenye kompyuta hayaitwi tena siri.

Ikabaki hakimiliki

Hakimiliki haijali kama kitu ni siri. Inalinda mpangilio wa maneno ya mwandishi tangu anapoyaandika, yawe yamechapishwa au la, lakini hailindi wazo wala habari iliyomo. Kisa cha Xenu unaweza kukisimulia kwa maneno yako mpaka kesho asubuhi bila kuvunja hakimiliki ya mtu.

Tena hakimiliki ina gharama yake kwa anayetaka kuficha. Huwezi kumshitaki mtu kwa kunakili kazi yako bila kusema ni yako. Kila shauri lililofunguliwa na Religious Technology Center, taasisi iliyoundwa mwaka 1982 kusimamia mafundisho hayo, lilikuwa ungamo kwamba kurasa zile zilitoka kwa Hubbard mwenyewe. Aliyedhani ni uzushi wa maadui sasa alipata uthibitisho kutoka kwa mwenye mali.

Februari 1995 nyumba ya Dennis Erlich, mhudumu wa zamani wa kanisa, ilipekuliwa huko Glendale, California, kwa sababu ya maandiko aliyoyaweka mtandaoni. Agosti 12 mwaka huohuo ikawa zamu ya Arnaldo Lerma wa Arlington, Virginia, aliyesambaza kurasa za hati ya Fishman. Kompyuta zikabebwa.

Kesi ya Erlich iliigusa pia Netcom, kampuni ambayo maandiko yake yalipitia kwenda kwenye intaneti. Novemba 1995 Hakimu Ronald Whyte aliamua kwamba mtoa huduma ambaye mitambo yake inapitisha nakala kwa kujiendesha tu hawezi kuhesabiwa kuwa ndiye aliyenakili, lakini anaweza kuwajibika akijulishwa na asichukue hatua. Wazo hilo liliingia katika sheria ya Marekani ya mwaka 1998, na ndilo msingi wa utaratibu wa leo: mwenye haki anatuma taarifa, jukwaa linaondoa.

Kesi ya Lerma ilitoa somo jingine. The Washington Post nalo lilishitakiwa, kwa kuwa habari yake ilinukuu maneno 46 ya maandiko hayo. Hakimu Leonie Brinkema akasema hayo ni matumizi halali ya mwandishi wa habari. Lerma, aliyemwaga kurasa nzima bila kuzichambua, alishindwa na kutakiwa kulipa dola 2,500. Maandiko yalikuwa yaleyale. Kilichowatofautisha ni kiasi walichochukua na walichokifanyia.

Mkataba mmoja, hukumu tofauti

Kanisa la Marekani liliwezaje kushitaki Ulaya? Jibu ni Mkataba wa Berne wa mwaka 1886, ambao unaitaka kila nchi mwanachama iilinde kazi ya mgeni kama inavyolinda ya mwenyeji. Marekani ilijiunga mwaka 1989, Kenya 1993 na Tanzania 1994. Lakini Berne unaziachia nchi nafasi kubwa katika kupanga misamaha, na kila nchi huupima mkataba kwa mizani ya katiba na mila zake.

Nchini Uholanzi, Septemba 1995, dalali wa mahakama alifika kwenye ofisi za mtoa huduma za intaneti XS4ALL kwa sababu ya hati ya Fishman. Waholanzi wengi, mbunge mmoja akiwemo, walijibu kwa kuweka hati hiyo kwenye kurasa zao. Mwandishi Karin Spaink alisimama mstari wa mbele, na baadaye akabadilisha nakala kamili kwa uchambuzi wake wenye manukuu. Mwaka 2003 Mahakama ya Rufaa ya The Hague iliamua kwamba hapa haki ya kutoa na kupokea habari, chini ya ibara ya 10 ya Mkataba wa Ulaya wa Haki za Binadamu, ina uzito kuliko hakimiliki. Kanisa lilikata rufaa, likaiondoa mwaka 2005.

Uswidi ilikuwa na kioja chake. Zenon Panoussis aliwasilisha nakala za maandiko ya kanisa bungeni, akijua kwamba sheria ya nchi hiyo, yenye mizizi ya mwaka 1766, inampa raia haki ya kusoma nyaraka zinazoingia katika ofisi za umma. Waumini wakaanza kupokezana kuziazima siku nzima. Marekani ikalalamika, na baadaye Uswidi ikaubana mwanya huo. Panoussis mwenyewe alipigwa faini ya kronor 10,000 mwaka 1998, na mzigo wa gharama za kesi ukawa mkubwa kuliko faini mara nyingi.

Ufini ndiko lilikoonekana dhara lililovuka wagomvi wenyewe. Johan Helsingius wa Helsinki aliendesha huduma iliyowawezesha watu kuandika bila kutajwa. Februari 1995 polisi walimtaka amtaje mtumiaji mmoja kufuatia malalamiko ya kanisa, akalazimika. Mwaka uliofuata aliifunga huduma yenye watumiaji wapatao 700,000, ambao wengi wao hawakuwa na habari na Scientology.

Hatari ilipo leo

Mwaka 2002 kanisa liliiandikia Google, na kurasa za tovuti ya mkosoaji mmoja wa Norway zikatoweka kwenye matokeo ya utafutaji bila hakimu yeyote kusikiliza upande wa pili. Baada ya kelele, Google ilirudisha sehemu yake na kuanza kupeleka taarifa kama hizo mahali umma unapoweza kuziona. Tukio hilo lilifundisha kwamba barua moja inaweza kufanya kazi ambayo kesi ya miaka kumi ilishindwa. Kenya iliingiza utaratibu wa taarifa na uondoaji katika sheria yake ya hakimiliki mwaka 2019, kwa hiyo jambo hili si la Wamarekani peke yao.

Mhariri wa Nairobi au Dar es Salaam anayeletewa kitabu cha ndani cha kikundi cha dini ana njia iliyokwishapimwa: anukuu kiasi kinachohitajika, ataje chanzo, achambue, na asimulie mengine kwa maneno yake. Akimwaga kitabu kizima anampa mwenye nacho kesi ya kushinda. Na kikundi kinachofikiri hakimiliki itakitunzia siri kijue kinanunua nini: haki ya kuzuia nakala, basi. Kwa kipimo cha miaka 50 baada ya kifo cha mwandishi, kinachotumika Kenya na Tanzania, haki hiyo juu ya maandiko ya Hubbard itaisha mwishoni mwa mwaka 2036. Haikuwahi kumnyima mtu ruhusa ya kujua yaliyomo na kuyajadili, na mahakama iliyojaribu kuisoma hivyo ingekuwa inalifanyia kanisa kazi ambayo ni ya waumini wake.