Meno ya kahawia: Kabla hujabandika kauri

“Daktari, nataka meno ya kubandika kama ya wasanii,” aliniambia kijana mmoja mchimbaji wa Geita, akiziba mdomo kwa kiganja. Amezaliwa Kishapu, Shinyanga, akakulia maji ya kisima. Amepiga mswaki mpaka fizi zikatoka damu, na madoa ya kahawia yapo palepale.

Madoa hayo si uchafu. Ni floraidi nyingi iliyoingia mwilini utotoni, kabla ya miaka 8, meno ya ukubwani yakiwa bado yanajengeka ndani ya taya. Hayatoki kwa mkaa wala chumvi.

Kauri ni kigamba chembamba, karibu nusu milimita, kinachogandishwa mbele ya jino. Ili kikae, daktari husaga kidogo tabaka gumu la nje, na lililosagwa halirudi. Baada ya miaka 10 hadi 15 utakibadilisha, kwa gharama nyingine. Mwenye meno yaliyooza, fizi mbovu au anayesaga meno usingizini atibiwe hayo kwanza. Mtoto asubiri akue.

Madoa mepesi mara nyingi hupungua kwa kusuguliwa na dawa kliniki, au hufunikwa kwa rezini, ambayo bei yake ni nafuu. Kijana wangu nilimwelekeza kwa daktari wa meno aanzie hapo.

Mzazi mwenye mtoto mdogo, wewe bado unayo nafasi. Kuchemsha maji hakuondoi floraidi. Mpe ya mvua, au ya bomba la Ziwa Victoria lililozinduliwa mwaka 2009, na magadi kwenye maharage uyapunguze.