Majivuno ni Nani? Kusadikika na Ujasiri wa Kusema Nyumbani

Wahakiki wengi wa Kusadikika (1951) hukubaliana kwamba Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani, Tanga, alikuwa akiwasema watawala wa kikoloni kwa mafumbo. Sawa. Lakini, ndugu msomaji, usomaji huo una raha yake: adui yuko mbali, na sisi sote tuko upande wa Karama. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba riwaya hii huuma zaidi tukiisoma kwa kujitazama wenyewe.

Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani, Ngamiani, katika kikundi kidogo cha vijana wanaopigania haki za raia. Kitabu chetu kilikuwa hicho hicho. Siku moja dada mmoja akasimama, akasema kiongozi wetu mmoja anamsumbua, na kwamba tangu amkatae hapewi tena kazi yoyote. Kimya. Kisha wenzetu wakaanza: "Dada, si wakati wake." "Maadui watatucheka." "Yamalizwe ndani kwa ndani." Mimi, mwanafunzi wa fasihi, nikainama kutazama mkeka.

Sasa tumrejee Karama. Hakuiba wala hakuua. Anashtakiwa kwa kufundisha uanasheria, jambo ambalo Majivuno anadai ni hatari kwa nchi. Katika kujitetea anasimulia habari za wajumbe sita waliotumwa kwenda kutafuta mema; waliporudi nayo, wakatupwa gerezani. Kosa lao ni kuwaletea watu wao habari wasizotaka kuzisikia. Yule dada naye tulimtwika shtaka la namna hiyo hiyo: unatuharibia jina. Siku ile Karama alikuwa yeye. Majivuno tulikuwa sisi, na kitabu tunacho mkononi!

Je, Shaaban mwenyewe alisalimika? Tuseme kweli. Katika Utenzi wa Hati anamwusia binti yake mengi mazuri, lakini pia anamtaka amtii mume. Huyu huyu ndiye aliyeandika Wasifu wa Siti binti Saad, uliotoka 1958, akampa mwimbaji wa Unguja, mwanamke aliyezaliwa katika ufukara, heshima ya kitabu kizima. Mgongano huu unatufundisha kwamba mtu anaweza kuutetea utu maisha yake yote na bado akabakiza mlango mmoja hajaufungua. Kulisema hilo si kumtukana mzee wetu. Ndio uhakiki wenyewe.

Kwa kweli, kumlaani mkoloni aliyeondoka 1961 hakumgharimu mtu kitu leo. Kazi ipo kwa mwenzako, mwenye cheo kikundini, ambaye jioni mtakula naye sahani moja.

Nimemwandikia yule dada kumwomba radhi. Nimeomba pia nafasi ya kusema katika mkutano ujao, kabla ya jambo lingine lolote, yeye akiridhia. Huenda nisisikilizwe. Karama naye alipoanza kusema hakuwa na hakika.