MOTERE KUBWA INATAKA FRENI KUBWA



Kwa magari ya mwaka 1964 kiwanda cha Pontiac, Marekani, kilitia motere ya lita 6,4 katika gari la kadiri, Tempest, kikaliita GTO. Haikuwa shida: kwa nje motere hiyo ililingana na ile ndogo ya lita 5,3. Lakini freni za ngoma zilibaki zile zile.

Jambo hilo latuhusu. Mwendo ukiwa mara mbili, umbali wa kusimama, tangu freni kushika, unakuwa mara nne. Katika miteremko ya Masisi na Walikale freni zikipata moto sana zinalegea. Shofere, ukitiliwa motere kubwa katika kamio, uliza fundi habari za freni. Kabla ya kuteremka, tia vitesi ya chini.

Motere inakufikisha upesi. Freni inakufikisha mzima.