Wasanifu Waliokataa Kubomoa

Mwaka 1996, jiji la Bordeaux, kusini-magharibi mwa Ufaransa, liliwaomba wasanifu majengo Anne Lacaton na Jean-Philippe Vassal waupendezeshe uwanja mdogo wa mtaani uitwao Place Léon Aucoc. Wakaenda, wakatazama miti, mabenchi na watu waliokuwa wakicheza kwa kurusha tufe za chuma, wakaongea na wenyeji. Kisha wakapeleka jibu: uwanja ni mzuri kama ulivyo. Wekeni changarawe mpya, pogoeni miti, fanyeni usafi mara kwa mara. Basi.

Jibu hilo lilitaka ujasiri. Hii ndiyo nchi ambayo msanifu Le Corbusier, mwaka 1925, alipendekeza kufyeka sehemu kubwa ya katikati ya Paris ili asimamishe minara, na ambayo msanifu mwingine, Jean Nouvel, ameipa sifa kwa kuba la jumba la makumbusho la Louvre Abu Dhabi, lenye upana wa mita 180.

Vassal alizaliwa Casablanca, na baada ya masomo alifanya kazi Niger. Huko aliona watu wakijikinga na jua kali kwa vijiti na vitambaa, bila kutupa kitu. Mwaka 2004, serikali ya Ufaransa ikiwa imeshaanza kuvunja maghorofa mengi ya wapangaji wa kipato cha chini, wawili hao na mwenzao Frédéric Druot walitoa utafiti wakisisitiza lisivunjwe hata moja.

Ushahidi wa msimamo huo ninaoupenda zaidi ni ule wa mtaa wa Grand Parc, Bordeaux hiyohiyo: majengo matatu ya miaka ya 1960 yenye fleti 530. Upande wa nje waliongeza vyumba vya vioo na roshani, vyenye kina cha mita 3.8, madirisha madogo yakang'olewa, ikawekwa milango ya vioo ya kusukuma. Majira ya baridi jua hupasha joto hewa iliyo baina ya vioo. Kiangazi vioo hufunguliwa na mapazia yakazuia jua. Wapangaji hawakuhamishwa wala kupandishiwa kodi. Aliyekuwa na dirisha la kuchungulia sasa ana mahali pa kuweka meza, maua na baiskeli ya mtoto.

Kazi ilikamilika mwaka 2017, ikapata tuzo ya Ulaya ya Mies van der Rohe mwaka 2019. Pritzker, tuzo kubwa kuliko zote katika fani ya usanifu majengo, Lacaton na Vassal waliipata mwaka 2021. Kwangu mimi ilichelewa mno: fleti nyingi ambazo zingeweza kuokolewa kwa njia yao zilikuwa zimeshageuzwa kifusi.