Anayekubali Bila Kuamriwa

Kilambo iko kwenye mpaka wa Mtwara na Msumbiji, si mbali na mahali Mto Ruvuma unapomwagika baharini. Kati ya miaka ya katikati ya 1960 na mwisho wa miaka ya 1970, wakulima wa kingo zote mbili za mto huu walihamishwa kutoka mashambani mwao na kupangwa katika vijiji vipya. Ng'ambo ya kusini Wareno ndio walioanza. Waliwakusanya watu wa Cabo Delgado katika vijiji vya ulinzi ili wapigania uhuru wa FRELIMO wasipate chakula wala habari. Ng'ambo ya kaskazini serikali ya Tanzania iliwasogeza watu wa bonde la Ruvuma ili iwakinge na mabomu na mashambulio ya Wareno hao hao, kisha ikawapanga upya kwa ajili ya ujamaa. Baada ya uhuru wa Msumbiji mwaka 1975, FRELIMO nayo ikaanzisha vijiji vyake vya jumuiya, na vingi vilisimama pale pale Wareno walipokuwa wamejenga vyao. Dola tatu zilizopigana au kupingana kwa itikadi ziliafikiana kwa jambo moja: mkulima anayekaa anapotaka ni tatizo linalosubiri kutatuliwa. Anayetaka kuzielewa riwaya za distopia, zile zinazobuni nchi ambamo serikali imeyameza maisha ya raia, anaweza kuanzia hapa kabla ya kwenda Moscow au London.

Kwa kawaida riwaya hizi husomwa kwa kumtafuta mwasi. George Orwell, katika kitabu chake cha mwaka 1949 kuhusu mwaka 1984, anatupa Winston Smith anayeandika shajara kwa siri huku chombo ukutani kikimtazama. Yevgeny Zamyatin, Mrusi aliyemtangulia Orwell kwa zaidi ya miaka 20, anatupa mhandisi wa taifa lenye nyumba za vioo, anayependa pasipo ruhusa na mwishowe anafanyiwa upasuaji wa kumwondolea uwezo wa kubuni mambo kichwani. Aldous Huxley, mwaka 1932, anatupa kijana anayedai haki ya kutokuwa na furaha katika nchi inayogawa furaha kwa vidonge. Msomaji huvifunga vitabu hivi akiamini kwamba hiari ni ukaidi, kwamba mtu huru ni yule anayesema hapana, na kwamba dola dhalimu hutambulika kwa jinsi inavyomtendea anayekataa. Fundisho hilo ni la kweli, lakini ni nusu tu. Kila serikali, hata iliyo bora, huwaadhibu baadhi ya wanaokataa; vinginevyo pasingekuwa na kodi wala mahakama. Kipimo kigumu zaidi ni jinsi dola inavyomtendea mtu aliyekubaliana nayo kwa akili yake mwenyewe, kabla hajaamriwa. Fasihi ya Kiswahili ililiona hilo mapema, na historia ya kusini mwa Tanzania inalithibitisha kwa namna inayouma.

Shaaban Robert alichapisha Kusadikika mwaka 1951, Tanganyika ikiwa chini ya Waingereza na yeye mwenyewe akiwa mtumishi wa serikali hiyo. Nchi yake inaelea angani, ina mfalme, mawaziri na mahakama. Karama, mshtakiwa, hajachoma nyumba ya mtu wala kumtukana mfalme. Kosa lake ni kutaka kufundisha elimu ya sheria, jambo ambalo nchi yoyote inayojivunia mahakama ingelipokea kwa mikono miwili. Anapojitetea mbele ya Majivuno, waziri aliyemshtaki, Karama anasimulia habari za wajumbe sita waliopelekwa nchi nyingine kutafuta mema ya kuiletea Kusadikika. Walitumwa, wakaenda, wakateseka njiani, wakarudi na walichoagizwa. Wote wakafungwa. Hapo ndipo kitabu kinapovipita vingi vya Ulaya kwa makali. Wajumbe hawa ni watiifu kuliko wote waliobaki nyumbani, na wanaadhibiwa kwa sababu wamerudi na hoja. Mtu aliyekwenda kuona kwa macho yake na kurudi akiamini kwa akili yake ana kitu ambacho dola haikumpa, kwa hiyo haiwezi kumnyang'anya kwa kubadili amri.

Miaka kama kumi baada ya kitabu hicho, juu kwenye bonde la mto huu huu wa Ruvuma, vijana wa chama cha TANU wakiongozwa na Ntimbanjayo Millinga walianzisha kijiji cha Litowa, wilayani Songea. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, kabla Azimio la Arusha halijaandikwa. Walilima pamoja, wakagawana mavuno kwa makubaliano, wakajenga shule iliyowafundisha watoto kazi za kijiji pamoja na kusoma, na vijiji vingine vikawafuata hadi vikaunda jumuiya iliyojulikana kwa herufi RDA. Kufikia mwisho wa muongo huo vilikuwa vijiji 17. Mwalimu Nyerere aliwaunga mkono, na alipochapisha Ujamaa Vijijini mwaka 1967 alieleza maisha yanayofanana sana na yale ambayo watu wa Litowa walikuwa tayari wanayaishi. Mwaka uliofuata aliandika Uhuru na Maendeleo, akisisitiza kwamba mtu hawezi kuendelezwa na mwingine, anajiendeleza mwenyewe, na kwamba hakuna anayeweza kuingizwa katika kijiji cha ujamaa kwa nguvu. Kama kuna mahali nadharia ya serikali na utashi wa wananchi vilikutana bila mtu kusukumwa, ni pale.

Tarehe 24 Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU iliivunja RDA. Mali za jumuiya zikachukuliwa, wataalamu waliokuwa wakiisaidia wakaondolewa, na vijiji vikawekwa moja kwa moja chini ya chama. Sababu zilizotolewa zilihusu umoja na uongozi: ujamaa ni kazi ya chama, na chama ni kimoja. Tukio hili linastahili kutazamwa taratibu. Watu wa Litowa hawakuupinga ujamaa. Waliutekeleza kabla ya wote. Hawakuikataa TANU, waanzilishi wao walitoka humo humo. Walichokuwa nacho, ambacho wilaya na mkoa havikuweza kukivumilia, ni mikutano ambamo wanavijiji walikuwa na uwezo wa kumjibu kiongozi anayekuja na agizo, wakamweleza kwa nini agizo hilo halifai kwa udongo wao au kwa msimu wao. Viongozi wa mkoa walisikia ukaidi katika majibu hayo. Ukweli ni kwamba ridhaa yenye sababu zake haiwezi kuwa bubu: anayekubali kwa kufikiri anajua pia ni wapi pa kusema hapana. Dola inayotaka kudhibiti kila kitu hulijua hili, na ndiyo maana humwogopa mfuasi wa hiari kuliko mfuasi wa hofu.

Miaka minne baadaye amri ikachukua nafasi ya hiari. Novemba 1973 Mwalimu alitangaza kwamba kuishi vijijini ni amri na kwamba nchi nzima iwe imehamia ifikapo mwisho wa 1976. Sheria ya vijiji ya mwaka 1975 ikaweka kiwango cha kaya zisizopungua 250 ili kijiji kiandikishwe. Kufikia 1977 serikali ilikuwa inahesabu watu wapatao milioni 13 wanaoishi vijijini. Nyumba zilipangwa kwa safu kando ya barabara, mahali ambapo lori, katibu na mwalimu wangefika kwa urahisi. Kwa mkulima wa Mtwara swali la kwanza lilikuwa mikorosho. Mkorosho haumngoji mtu kama muhogo unavyoweza kungoja ardhini. Korosho hudondoka pamoja na bibo lake, kwa hiyo lazima chini ya mti pawe pamepaliliwa kabla ya msimu, la sivyo zinapotelea majanini. Na majani hayo hayo yakikauka yanabeba moto wa kiangazi hadi kwenye mashina ambayo mtu ameyatunza miaka mingi. Aliyehamishwa mbali na shamba alipaswa kuchagua kati ya palizi ya mikorosho kwenye mahame na shamba jipya la chakula kijijini. Wako waliorudi kwenye mahame msimu wa kuokota, na wako waliokata tamaa. Uzalishaji wa korosho nchini, uliofikia takriban tani 145,000 msimu wa 1973/74, ulishuka hadi chini ya tani 20,000 katika miaka ya katikati ya 1980. Bei ndogo aliyolipwa mkulima na ugonjwa wa ubwiri unga vilichangia sana, na si haki kuitwisha operesheni hiyo ya kuwahamisha watu mzigo wote. Lakini hakuna aliyemuuliza mwenye mikorosho, na yeye ndiye aliyejua hesabu ya palizi.

Hapa wapo watakaosema kwamba kuiweka Tanzania ya Mwalimu kwenye meza moja na nchi ya Kaka Mkubwa wa Orwell ni kumkosea heshima kiongozi aliyeishi kwa kiasi na kufa bila mali. Wana haki ya kukasirika kama ndivyo inavyosemwa. Tofauti ni kubwa, na fasihi yenyewe ni ushahidi. Mwaka 1975, operesheni ikiwa motomoto, Euphrase Kezilahabi alichapisha Dunia Uwanja wa Fujo, ambamo Tumaini, mkulima tajiri anayepokonywa shamba kwa jina la ujamaa, anamuua kiongozi wa serikali na kuhukumiwa kunyongwa. Mwaka 1979 akatoa Gamba la Nyoka, kuhusu wanakijiji wanaogoma kuhamishwa. Riwaya yake nyingine, Rosa Mistika, ilizuiwa shuleni kwa muda, lakini mwandishi hakupotezwa gizani, na vitabu vyake vilisomwa na kujadiliwa hadi chuo kikuu. Katika nchi ya Winston kitabu cha namna hiyo kingeyeyuka pamoja na jina la aliyekiandika. Hata hivyo heshima kwa Mwalimu haitudai tunyamaze kuhusu Litowa. Ni yeye aliyeandika kwamba watu hawaendelezwi kwa amri. Kumpima kwa maneno yake mwenyewe ni namna ya kumchukulia kwa uzito.

Pingamizi la pili lina nguvu zaidi kwa watu wa mpakani. Ruvuma ilikuwa mstari wa vita kuanzia Septemba 1964. Ndege za Wareno zilivuka, na mabomu yaliyotegwa ardhini hayakuchagua mkulima na askari. Serikali iliyowaacha raia wake wametawanyika kwenye bonde kwa kuheshimu utashi wao ingelaumiwa kwa haki. Nakubali bila masharti. Amri ya hatari ina uhalali wake, na inajulikana kwa mipaka yake: ina adui anayeonekana, ina eneo, na inakwisha hatari ikiisha. Amri ya 1973 haikuwa na mipaka hiyo. Ilihusu Mwanza na Kigoma sawa na Mtwara, na iliendelea baada ya utawala wa Lisbon kuanguka Aprili 1974 na bunduki kunyamaza ng'ambo. Wengine huongeza kwamba hiari ya mtu mmoja mmoja ni fikra ya kigeni, na kwamba kwetu uamuzi ni wa ukoo na wa jamii. Iwe hivyo. Litowa ilikuwa jamii. Karama alidai sheria kwa ajili ya Kusadikika nzima. Kilichovunjwa Septemba 1969 ni uamuzi wa pamoja, ule ule ambao wanaotetea amri husema ndio utamaduni wetu.

Jambo hili halikuisha na operesheni. Oktoba 2018 wakulima wa korosho wa Tandahimba na Newala, kupitia vyama vyao, walizikataa bei za wanunuzi mnadani. Lilikuwa tendo la hiari lililo wazi: walikaa, wakapima, wakasema hatuuzi. Novemba Rais Magufuli akatangaza kwamba serikali itanunua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo na jeshi litazisomba. Bei ilipita ile iliyokuwa mnadani, na wengi walishangilia kwa sababu za haki. Kisha ukaja uhakiki. Mkulima alitakiwa athibitishe kwamba korosho ni zake na shamba lipo, wafanyabiashara wa kangomba, yaani wanunuzi haramu wa nje ya mfumo rasmi, wakisakwa, na wapo waliosubiri fedha kwa miezi. Wale waliokuwa wameonyesha mnadani kwamba wanaweza kuamua sasa walikuwa watu wa kukaguliwa. Nia ya serikali ilikuwa kumtetea mkulima, na ilimtetea dhidi ya mnunuzi. Lakini ilichukua pia ule uwezo wa kukataa na kukubali ambao ndio uliomfanya asimame mnadani.

Orwell alilijua jambo hili, ingawa wasomaji wake hulipita haraka. Mtesaji wa Winston haridhiki na utii. Anataka mfungwa akubali kwa moyo wake wote, kisha anahakikisha moyo huo umeundwa upya hadi hauwezi kukubali kitu kingine. Ridhaa anayoitaka ni ile tu aliyoitengeneza mwenyewe. Tofauti kati ya Orwell na Shaaban Robert iko kwenye chumba cha mashtaka. Winston anahojiwa bila shahidi. Karama anasimama hadharani, siku baada ya siku, na wanaomchukia wanalazimika kumsikiliza hadi mwisho. Na kwa kuwa wamesikiliza, hukumu inageuka, yeye anaachiwa na wajumbe sita wanafunguliwa. Mwandishi aliyetawaliwa na wageni hakuomba mfalme aondoke. Aliomba baraza ambalo mtu mwenye hoja anaweza kuimaliza hoja yake mbele ya mwenye mamlaka. Wanavijiji wa Litowa walikuwa na miaka ya mavuno, shule na vitabu vya mahesabu vya kuonyesha, na wangeweza kumweleza yeyote hatua kwa hatua jinsi watu wanavyohamia kijijini bila kusukumwa. Uamuzi juu yao ulifanyika Dar es Salaam, kikaoni, na wao walipelekewa habari.